Mzee wa Zamu Mbili

Kwanza ijulikane kwamba hapakuwa na mzee. Mtaani ilisemwa, na hadi leo wapo wanaosema, kwamba mke wa mtoto wa Mkaguzi alikuwa na mzee wake ng'ambo ya reli, kwamba mzee huyo aligawanwa kwa zamu na mwanamke mwingine, na kwamba wawili hao waliitana mke mwenza kwenye simu bila haya wala soni. Ya simu ni kweli. Ya zamu ni kweli. Ya mzee si kweli, au si kweli kwa namna walivyoisema. Sasa kiwanda kimefungwa milango na hakuna tena wa kumfukuza mtu kazi, kwa hiyo habari inaweza kuelezwa kama ilivyokuwa, na kila mwenye mdomo aufunge.

Mkaguzi aliitwa Mkaguzi kwa sababu maisha yake ya kazi alikagua shule. Alistaafu, akafiwa na mumewe aliyekuwa mhandisi wa reli, lakini jina halikustaafu wala halikufa. Alikuwa mtu wa kuingia darasani bila kubisha hodi, akasimama nyuma, akatazama kwanza viatu vya mwalimu, kisha ubao. Walimu walisema anajua kunusa daftari lisilosahihishwa akiwa bado getini. Nyumba aliyoachiwa na marehemu ilikuwa na sebule pana, na ukutani palitundikwa picha ya marehemu mwenyewe akiwa amevaa kofia ya kazi. Hakuna aliyepita chini ya picha ile shati likiwa nje ya suruali.

Mwanawe wa pekee alikuwa fundi wa mitambo kwenye karakana ya reli. Karakana ilipofungwa na nyasi zikaanza kuota katikati ya reli za baba yake, alikwenda kutafuta kazi mgodini, mbali, akamwacha mkewe na watoto wawili wa kike kwa mama. Alipiga simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nyuma ya sauti yake mama alizoea kusikia mitambo ikinguruma. Siku za karibuni mngurumo ule haukusikika tena, na mara moja alisikia kengele ya baiskeli, lakini hakuuliza.

Mkwe alifanya kazi kiwanda cha nguo. Aliingia akiwa mshonaji, akapanda hadi kuwa msimamizi wa safu, akapewa koti la buluu iliyoiva lenye beji kifuani. Hakuna aliyewahi kumsikia Mkaguzi akijisifia jambo hilo. Alilitaja tu pale ilipobidi, na ilibidi mara nyingi. Dukani, hospitalini, msibani, mtu akiuliza habari za nyumbani aliambiwa kwamba mkwe ni msimamizi kiwandani na ana watu chini yake.

Lingine lazima lisemwe wazi, maana nalo limepotoshwa. Fundi alipoondoka, mkwe alimwomba mama mkwe akae na yule mtoto mdogo mchana. Mkaguzi alimjibu kwa upole: "Mwanangu, mimi nimestaafu kazi. Sikustaafu ili nianze nyingine." Hapakuwa na ugomvi. Kiwanda kilikuwa na chumba cha kulelea watoto, na kila asubuhi mkwe alitoka na koti lake, mkoba begani na mtoto mkononi, na yule mkubwa akaenda shule. Utaratibu ulikuwa mzuri. Kilichouharibu ni kikombe cha chumvi.

Jirani wa ukuta wa kushoto aliitwa Mama Chumvi, na jina lilimfaa mara mbili. Alikuja na kikombe kuomba chumvi karibu kila siku, ungedhani ana ghala la nyama ya kuhifadhi, na hakuna habari iliyopita mkononi mwake ikatoka bila kuongezwa.

"Hodi wenyewe."

"Karibu. Chumvi iko palepale."

"Asante, bi mkubwa. Mkweo hajambo?"

"Yuko kazini."

"Kazini." Mama Chumvi alilirudia neno kama mtu anayeonja mchuzi. "Unajua kaka yangu yule mlinzi wa getini ananiambia nini? Kuna siku anamwona anaingia asubuhi, kuna siku mchana, na kuna siku hamwoni kabisa. Nikamwambia, wewe, msimamizi ana mambo mengi, huenda anatumwa nje."

"Huenda."

"Si ndiyo. Mimi sikusema kitu."

Mkaguzi alimjua jirani yake. Akisema hakusema kitu, ujue mtaa mzima umeshasikia.

Jumapili ile simu ya mwanawe iliwahi kuliko kawaida, hata vyombo vilikuwa havijatolewa mezani. Mkwe alikuwa nje akiwaosha watoto nywele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona sauti iko chini?"

"Mama, kuna mtu kanipigia. Sitasema ni nani. Anasema mke wangu ana mtu. Tena mtu mzima, mzee."

Mkaguzi alitazama picha ya marehemu, kisha dirishani. Mkwe alikuwa amechutama, povu hadi viwikoni, mtoto analalamika macho yanamchoma.

"Na wewe unasemaje?" aliuliza.

"Sijui niseme nini. Nikimuuliza yeye na akanijibu, nitajuaje kama ni kweli? Mama, wewe umekagua shule nzima nzima. Nikagulie nyumba yangu. Jumapili ijayo nitapiga. Ukiniambia yuko sawa, nitaamini na yataisha hapo. Ukiniambia arudi kwao, atarudi, na watoto watabaki na wewe."

"Nimekusikia," alisema Mkaguzi.

Hakulala na huruma wiki ile, na hakuna sababu ya kujifanya alilala nayo. Jina la nyumba lilijengwa na watu wawili kwa miaka mingi, na sasa lilikuwa linatajwa pamoja na mzee asiyejulikana wa ng'ambo ya reli. Kama ni kweli, mwanamke yule angefungasha. Kama si kweli, ilitakiwa ijulikane kabla watoto hawajapoteza mama kwa ajili ya kikombe cha chumvi. Kwa vyovyote vile, ushahidi ulihitajika, na Mkaguzi alijua kutafuta ushahidi.

Ulijileta wenyewe. Kesho yake asubuhi alikuwa jikoni anachagua mchele. Mkwe alikuwa nje chini ya dirisha, anafua sare ya mtoto, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Mke mwenza, vipi, mzee umemwachaje?" alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Anakohoa? Si nilikwambia usimkimbize. Kwa umri wake ule." Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Haya, mpake mafuta umfunike shuka yake, nitamkuta huko huko. Kesho zamu yangu nakuachia wewe, huyu wangu mdogo ana homa. Lakini usimwambie mtu, mwenzangu. Wakijua tumekwisha."

Konzi ya mchele ilibaki hewani. Mkaguzi aliisikia kila herufi. Mke mwenza. Mzee. Shuka. Zamu. Katika lugha yote hii hakuna neno linalotumika sawasawa kazini na kwenye ndoa ya wake wengi kama zamu, na yeye mwenyewe alikuwa amefundisha watoto maana zake mbili ubaoni. Siku ile hakuona sababu ya kufikiria maana zaidi ya moja.

Alitoka nje na sinia yake mkononi.

"Ulikuwa unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mtu wa kazini, mama."

"Mwanamke?"

"Mwanamke."

"Ana jina?"

"Ana jina, mama," alisema mkwe, akaikamua sare, akaenda kuianika upande wa pili wa ua.

Jioni ya Jumatano mkwe alirudi na kidole cha shahada kimefungwa kitambaa. Walikuwa mezani wote. Mkaguzi alikitazama kidole, akatazama na ukingo wa gauni, ambako nyuzi za buluu zilikuwa zimeng'ang'ania kama majani ya porini. Msimamizi hashoni. Anatembea kati ya washonaji, mikono nyuma. Nyuzi zile zilikuwa zinatafuta nini kwake? Alilitia jambo hilo akilini bila kulipa jina.

"Umeumia?"

"Kidogo tu, mama. Si kitu."

"Mzee kamuuma," alisema yule mtoto mdogo, mdomo umejaa mkate.

Kijiko cha mkwe kilisimama.

"Mzee gani, mjukuu wangu?"

"Mzee wa mama. Ana jino moja. Refu."

"Kula, wewe," alisema mkwe. "Watoto wana mambo, mama."

"Wana mambo," Mkaguzi alikubali. "Ila huyu bado hajajua kutunga."

Yule mkubwa aliinamia sahani kama mtu anayetafuta kitu ndani yake, na Mkaguzi akaona: huyu naye amekatazwa kusema. Kwa hiyo nyumba yote ilikuwa na siri, isipokuwa mwenye nyumba. Kuanzia jioni ile mkwe aliufungia mkoba wake kabatini na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitambaa cha kichwani. Hakuwa mjinga. Alijua anatazamwa, naye akaanza kumtazama anayemtazama. Walipishana kwenye korido kwa adabu kubwa, "samahani mama", "pita mwanangu", kama watu wawili wanaobeba yai moja.

Mama Chumvi alikuja tena, akiwa na kikombe na jicho la pembeni.

"Bi mkubwa, na huyo mzee, wanasema ana mali?"

"Mzee yupi?"

"Mimi sijui. Nasikia tu watu."

"Ukiwasikia tena waambie waje waniulize mimi."

"Nani atathubutu?" alisema Mama Chumvi, akajichotea.

Asubuhi moja kabla wiki haijaisha, Mkaguzi alivaa viatu vyake vya soli ya mpira, vile vilivyowahi kuwakuta walimu wakuu wamelala, akamfuata mkwe wake. Alimwacha atangulie mbali. Koti la buluu lilionekana vizuri katikati ya watu, na mtoto alikuwa akirukaruka pembeni yake. Walifika penye njia panda. Kulia ni kiwandani, bomba la moshi linaonekana. Kushoto ni relini.

Mkwe alikata kushoto.

Hadi dakika ile, na hilo lisemwe kwa ajili ya haki yake, kuna sehemu ya moyo wa Mkaguzi iliyokuwa ikitumaini angekata kulia.

Penye reli, pale ambapo marehemu alikuwa akisimama na bendera siku za ukaguzi wa njia, mkwe alitazama nyuma na mbele. Akavua koti, akaligeuza ndani nje, akalikunja vizuri na kulitia mkobani. Aliyevuka reli hakuwa msimamizi tena, alikuwa mwanamke yeyote mwenye blauzi na mtoto. Aliingia kwenye ua wa vyumba vya kupanga vilivyojipanga kama mabehewa, na bomba moja la maji katikati, akapotelea nyuma ya pazia la mlango wa mwisho.

Kwenye kamba mbele ya mlango ule zilianikwa suruali za kiume.

Mkaguzi alizikagua. Moja ilikuwa ndefu kama ya mlingoti. Ya pili ilikuwa fupi na imara magotini. Ya tatu ilikuwa na kiuno cha kuingia watu wawili. Mzee mmoja hawezi kuwa na miguu ya namna hizo zote. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa baya kuliko uvumi wenyewe: basi si mzee mmoja, ni wazee. Wazo la pili lilikuja polepole, likasimama mlangoni, na hakulikaribisha. Alivuka ua na kuingia bila hodi, kama alivyozoea.

Chumba kilikuwa kisafi. Palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka mjukuu wake pamoja na mtoto mwingine wa umri wake wakigombania kifuniko cha sufuria. Mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichanga cha mtu mgongoni kwenye mbeleko, suruali magotini, sindano mkononi. Alipoinua macho, rangi ilimtoka.

"Mama."

"Mzee yuko wapi?"

"Mzee?"

"Usinirudishie neno langu. Nimekuja kumwona."

"Mzee yuko kazini, mama."

"Na mke mwenzako?"

"Yuko naye."

"Na hizi suruali?"

"Za watu."

"Watu. Wako wengi?"

"Mama, kaa kwanza."

"Sikai. Jumapili mume wako atanipigia simu aniulize, na mimi sina tabia ya kudanganya mtu. Nikimwambia urudi kwenu, utarudi. Kwa hiyo nijibu nikiwa nimesimama."

Kitu kilipita usoni mwa mkwe. Ilikuwa hofu kwanza. Kisha mdomo ulianza kumtetemeka upande mmoja, na Mkaguzi alichelewa kutambua kwamba anazuia kicheko.

"Mama," alisema, "ulidhani ni mzee mwenye ndevu?"

"Sikudhani kitu. Nauliza."

"Ni cherehani, mama."

Kisha kicheko kilimshinda, na katikati yake kikageuka, akalia, na kichanga mgongoni kikalia naye. Watoto wa kwenye mkeka waliacha kifuniko na kutazama. Mkaguzi aliketi. Palikuwa na kigoda kingine.

Yaliyotoka pale yalikuwa haya. Nguo zilizoshonwa tayari zilikuwa zinaingia kwa makontena, bei ya kutupa, na oda za kiwanda zikapungua hadi safu nzima za mashine zikang'olewa. Waliobaki waliambiwa wachague: mlango, au watu wawili kwa cherehani moja, mmoja asubuhi na mmoja mchana. Wasimamizi nao walipunguzwa, na mkwe alipewa uchaguzi uleule. Alichagua cherehani. Aliyoangukia ilikuwa kongwe kuliko zote kiwandani. Ilikunywa mafuta, ikikimbizwa ilikohoa, na sindano yake ilikuwa imewauma vidole wote wawili, kwa hiyo waliiita Mzee. Siku ya kwanza tu washonaji wengine walipiga kelele, "Haya, wake wenza, msigombanie mume," na jina likaganda. Chumba cha kulelea watoto kilifungwa wiki ileile. Basi mmoja akiwa kwa Mzee, mwingine alikaa hapa na watoto wa wote wawili, akikunja na kupunguza suruali za watu kwa mkono. Mtoto akiumwa walibadilishana zamu, na kubadilishana bila ruhusa ya meneja lilikuwa kosa la kufukuzwa. Ndiyo sababu ya kunong'ona.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mkwe alijifuta macho kwa mguu wa suruali ya mtu. "Ningeanzia wapi, mama? Mtaa mzima unajua mimi ni msimamizi. Na si mimi niliyewaambia."

Mkaguzi alitazama mkoba, na kona ya koti la buluu iliyochungulia.

"Na hilo?"

"Nalivaa hadi relini."

"Mume wako anajua?"

"Hajui. Angejua angeacha kazi arudi. Na huku hakuna kazi ya kurudia."

"Nani mwingine mtaani anajua?"

"Hakuna."

Ingekuwa mtu mwingine angeinuka pale, amkumbatie mkwe wake na mambo yaishe. Mkaguzi hakuwa mtu wa namna hiyo. Kazi ilimfundisha kwamba mwalimu anayeulizwa akiwa peke yake anaweza kusema lolote, na cha maana ni wa pili atasema nini kabla hawajaonana. Cherehani. Hadithi ilikuwa nzuri mno. Alisema, "Nitamsubiri huyo mwenzako," akaketi vizuri, mkoba wake mwenyewe mapajani, na akakaa asubuhi yote akitazama mlango. Mkwe alishona. Mjukuu alikuja kulala juu ya viatu vya bibi yake, na hakuondolewa.

Jua lilipokuwa limepanda sana, pazia lilifunguliwa kwa kishindo na akaingia mwanamke mfupi, mnene, vipande vya uzi vimejaa kichwani.

"Mke mwenza, kimbia, nimechelewa, yule meneja leo kaamka vibaya," alisema kwa pumzi moja, kisha akamwona mgeni. "Ah. Shikamoo, mama."

"Marahaba," alisema Mkaguzi, na kabla mkwe hajafungua mdomo akauliza, "Mzee hajambo?"

Mwanamke yule alimtazama mkwe, akamtazama mgeni, akaona hakuna njia.

"Hajambo kidogo, mama. Kikohozi kimepungua. Ila pedali inalia."

"Mwambieni fundi wa kiwanda aipake grisi," alisema Mkaguzi. Aliinuka, akamchukua mjukuu wake, akavuka reli kurudi nyumbani. Mkwe alikwenda kwenye zamu yake akikimbia.

Njiani hakuwa na furaha ambayo mtu angeitarajia. Uvumi ulikuwa uongo, lakini ukweli nao ulikuwa na mwiba wake. Kumsafisha mkwe mbele ya mtaa kungetaka kueleza zamu, na kueleza zamu kungefika getini kwa kaka wa Mama Chumvi kabla chai haijapoa, na wanawake wawili wangekuwa nje. Tena kungetaka kusema kwamba msimamizi wa kutajwa dukani na msibani ana nusu ya cherehani. Alilipima hilo la pili kwa muda mrefu kuliko la kwanza.

Jumapili simu ililia. Mkwe alikuwa jikoni, na safari hii mlango uliachwa wazi kwa makusudi.

"Mama. Umekagua?"

"Nimekagua."

"Huyo mzee yupo?"

"Yupo. Ni cherehani."

"Mama?"

"Ni cherehani ya kiwandani, kuukuu, ndiyo wanaiita Mzee. Mke wako si msimamizi tena. Ana zamu ya nusu siku, na nusu iliyobaki analea watoto wake na wa mwenzake na kupunguza suruali za watu. Mwanamke mwenye ratiba ile hana nafasi ya mzee mwingine. Nimewahoji mmoja mmoja. Ndiyo ripoti yangu."

Alingoja acheke, au akasirike kwamba alifichwa. Fundi hakufanya lolote kati ya hayo. Nyuma ya pumzi zake hapakusikika mtambo hata mmoja.

"Watu wawili kazi moja," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Na hawagombani? Mwenye zamu anamwachia mwenzake kwa moyo mweupe?"

Hilo halikuwa swali la mtu aliyetua mzigo wa wivu. Mkaguzi alikaza sikio.

"Mbona unauliza hivyo?"

"Nauliza tu, mama."

"Na kazi yako huko ikoje?"

"Ipo, mama."

"Ipo yote?"

Mbali kule, kengele ya baiskeli ililia mara moja.

"Mwambie mke wangu akae," alisema fundi. "Asiende popote. Mwambie namsalimu, na mzee wake namsalimu." Akakata simu.

Mkaguzi aliirudisha simu mezani taratibu. Alikuwa amekagua nyumba moja wiki ile, na viatu vyake vya soli ya mpira havikufika mgodini. Jikoni hapakusikika hata kijiko. Alisema kwa sauti ya kufika kule, "Mume wako kasema ukae," na baada ya muda maji yakaanza kutiririka tena kwenye beseni.

Kisha akaongeza, kama anayesema juu ya hali ya hewa, "Na hao watoto, chumba kile hakina hewa. Waleteni hapa sebuleni, wote. Ila asiguse mtu ile picha."

Kesho yake zuria la sebuleni lilikuwa na kifuniko cha sufuria, watoto wawili waliokigombania, na kichanga kwenye mto chini ya marehemu. Mama Chumvi aliingia na kikombe, akasimama palepale.

"Bi mkubwa, na huyu wa kwenye mto ni wa nani?"

"Wa mke mwenza."

Kikombe kilikaribia kuanguka. "Kumbe kweli."

"Kweli."

"Na mzee?"

"Mzee ni cherehani."

Mama Chumvi alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. "Cherehani. Bi mkubwa, hata mimi na kutia chumvi kwangu kote nisingefika huko." Alijifuta macho, akasogea karibu, sauti ikawa ya asali. "Hebu niambie vizuri, mwenzangu. Hao watoto wanakaa hapa saa za asubuhi au za mchana? Kaka yangu anasema getini pale siku hizi..."

Mkaguzi alikichukua kikombe mkononi mwake, akaenda jikoni, akakijaza chumvi hadi ikamwagika kingoni, akarudi nacho.

"Chukua. Hiyo itakutosha usihitaji kurudi upesi."

"Hujanijibu. Na mwanao huko mgodini? Hajambo? Au naye ana mke mwenza?"

Ilikuwa mzaha tu, pengine. Mkaguzi alimtazama viatu kwanza, kisha uso, kama alivyowatazama walimu.

"Mkwe wangu yuko kazini," alisema. "Mwanangu yuko kazini. Umeuliza habari za mzee, nimekujibu. Zaidi ya hapo sisemi."

Akafunga mlango.